Mkono na Mimea ya Sumu: Historia ya Kinga ya Mkulima kati ya Jinja na Mbale

Historia ya kilimo katika Afrika ya Mashariki imeandikwa sana kwa kutaja vyombo. Tumesoma habari za jembe la mhunzi na jembe la dukani, za panga na shoka, na za plau ya kukokotwa na ng'ombe iliyoenea Teso pamoja na zao la pamba. Lakini mkono ushikao mpini wa vyombo hivyo haukuandikiwa mengi, na lile vazi dogo la kuukinga halikuandikiwa takriban lolote. Makala haya yanakusudia kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo.

Swali lenyewe ni la kawaida, nalo lafaa kuulizwa Busiu kama lifaavyo kuulizwa popote penye shamba: mtu atakaye kung'oa mimea ya sumu avae glavu gani, na ipi itamfaa kwa zaidi ya msimu mmoja? Kwa haraka swali hili laonekana kuwa la muuza duka. Kwa hakika ni la historia. Mimea kadha inayotusumbua katika nchi iliyo kati ya Jinja na Mbale ilitoka mbali, kila mmoja kwa njia yake, na kila mmoja una namna yake ya kuumiza. Glavu nazo hazikubuniwa siku moja wala mahali pamoja. Kila aina ilizaliwa kwa ajili ya madhara ya namna yake. Asiyeijua historia hiyo hununua glavu kwa kutazama unene na bei, na aghalabu huumia ilhali amevaa.

Lantana, mgeni wa bustanini

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa kwanza tutakayemtaja hakumponya mwenyeji wake. Lantana, ambayo Waganda huiita kayukiyuki, asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Katika karne ya 17 ilipelekwa Ulaya, na huko wenye bustani wakaizalisha kwa kuchanganya aina mbalimbali, hata kishada kimoja kikawa na rangi nyingi pamoja: manjano, waridi, nyekundu na rangi ya chungwa. Kwa ajili ya uzuri huo ikasafirishwa tena, safari hii kwenda katika makoloni ya nchi za joto. Lugha yetu ina neno moja, ua, kwa kitu kinachonukia na kwa kitu kinachozungushiwa nyumba. Lantana ilipandwa kwa maana zote mbili.

Haikukaa mahali ilipopandwa. Ndege hula matunda yake meusi na kuziangusha mbegu mbali, na mahali popote palipoachwa bila kupaliliwa pakawa pake. Shina lake lina miiba midogo iliyopinda, na majani yake yanakwaruza kama msasa. Ng'ombe, mbuzi au kondoo aliyeyala kwa wingi huharibika ini. Kisha ngozi yake haistahimili jua, hubabuka na kuwa na vidonda. Mfugaji asiyejua hudhani kwamba mnyama amechomwa moto.

Madhara makubwa zaidi ya lantana katika mashariki ya Uganda yalikuja kwa njia isiyotazamiwa. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia. Biashara na viwanda vya miji kama Jinja na Mbale, ambavyo kwa sehemu kubwa vilikuwa mikononi mwao, vikadhoofika upesi. Mkulima wa Busoga akaona kwamba pamba na kahawa havimlipi tena, akageukia mazao ya chakula, na mashamba mengi ya biashara yakaachwa. Lantana ikaingia humo na kuyageuza kuwa vichaka. Mbung'o wa jamii ambayo kwa desturi hukaa kandokando ya mito na ziwa wakapata kivuli na unyevu karibu kabisa na nyumba za watu. Tangu mwaka 1976 ugonjwa wa malale ukalipuka Busoga, na kufikia 1983 wagonjwa waliohesabiwa walikaribia 20,000. Baadaye ukavuka hadi Tororo.

Wazee wa Busoga hawakuhitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Kati ya mwaka 1900 na 1920 malale yalikuwa yameua zaidi ya watu 200,000 katika Buganda na Busoga, na serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha kwa amri watu waliokuwa wakikaa ufukoni mwa ziwa la Victoria. Kwa hiyo katika nchi hii kufyeka kichaka hakukuwa jambo la usafi na sura nzuri ya kijiji peke yake. Kulikuwa jambo la uhai na mauti. Lakini tukizungumza habari za kufyeka, twataja mbung'o, twataja dawa, twataja mitego iliyotegwa. Mkono uliolishika shina lenye miiba ili panga lipite chini yake tunausahau.

Gugu karoti, mgeni wa barabarani

Mgeni wa pili hakuletwa kwa uzuri wake. Wataalamu wa mimea humwita partheniamu, nao wakulima wa Tanzania wamempa jina la gugu karoti kwa sababu majani yake machanga yanafanana na ya karoti. Maua yake ni meupe na madogo. Huweza kukua hata kumpita mtu mzima kimo, na mche mmoja ulionawiri huzaa mbegu kiasi cha 10,000 na kuendelea. Katika hali njema huanza kutoa maua baada ya wiki nne hivi tangu kuota. Huzuia mimea mingine isiote karibu naye, na ng'ombe akimla maziwa yake huwa na ladha mbaya.

Asili yake pia ni Amerika. Nchini India alionekana mjini Pune mwaka 1955, na inaaminika kwamba mbegu zilifika pamoja na ngano iliyotoka Marekani. Nchini Ethiopia alitambuliwa karibu na mwaka 1980, nako inadhaniwa kuwa alifika na nafaka ya msaada wakati wa ukame. Wasomali wa huko wamempa jina lenye maana ya aishiye peke yake, nalo ni jina la haki, kwa kuwa alipokaa yeye hapakai mwingine. Kenya alikuwako tangu miaka ya 1970. Uganda aliripotiwa mwaka 2008 huko Busembatia, katika njia itokayo Iganga kwenda Mbale, na mwaka 2010 akaripotiwa Arusha, Tanzania.

Msomaji na aitazame njia hiyo katika ramani. Gugu hili husafiri kwa tope la magurudumu, kwa magunia ya nafaka, kwa kifusi cha kutengenezea barabara na kwa kwato za mifugo. Busiu nako ni kando ya barabara kuu, ile iunganishayo Mbale na Tororo. Mji wa kando ya barabara hupata faida ya barabara na hupata pia mashaka yake.

Tofauti kati ya lantana na gugu karoti yafaa izingatiwe, kwa sababu ndiyo kiini cha makala haya. Lantana humjulisha mtu mara moja kwamba ni adui, maana humchoma. Gugu karoti ni laini mkononi. Mtu humng'oa leo, kesho na kesho kutwa bila kusikia lolote. Wengine hung'oa kwa miezi au hata miaka. Kisha siku moja ngozi ya mikono, shingo na uso huanza kuwasha, kuvimba na kupasuka, na tangu siku hiyo kila akigusana naye, au hata akifikiwa na vumbi lake, ugonjwa hurudi. Nchini India madaktari walianza kuandika habari za ugonjwa huo wa ngozi katika miaka ya 1970. Wengine hupata mafua na pumu kwa chavua yake. Basi mtu anayesema, "Mimi humng'oa kwa mikono mitupu na sijapata kudhurika," hajatoa ushahidi wowote wa usalama. Amesema tu kwamba siku yake haijafika.

Glavu zilivyozaliwa

Na tuigeukie sasa glavu yenyewe. Neno hili tumelipokea kutoka Kiingereza, na wengine husema mifuko ya mikono au soksi za mikono. Kitu chenyewe ni cha kale sana. Katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri, lililofunguliwa mwaka 1922, zilikutwa glavu za kitani zilizokaa humo zaidi ya miaka 3,000. Hizo zilikuwa vazi la heshima. Glavu ya kazi ya shamba inatajwa katika utenzi wa Odisei wa Wayunani, ambamo mzee Laertes, baba wa shujaa wa utenzi, anakutwa bustanini amevaa glavu kwa sababu ya miiba. Hivyo, miiba ndiyo iliyomfundisha mkulima kuivika mikono yake, na kwa miiba dawa ilikuwa ngozi. Kwa karne nyingi mambo yakaishia hapo.

Ngozi huzuia miiba lakini hunywa maji. Kizuizi cha maji kilikuwa ni mpira, yaani utomvu wa miti uliogandishwa, nao katika hali yake ya asili hulainika kwa joto na kukauka kwa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na kiberiti huwa imara na wenye kunyumbuka katika joto na katika baridi. Dunia yote ikaanza kuutafuta.

Hapa historia ya glavu inagusa historia ya bara letu kwa namna ya kuhuzunisha. Msitu wa Mabira, ulioko magharibi ya Jinja, nao uliingia katika hesabu za wafanyabiashara wa mpira mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya miti yake ya asili. Katika Kongo ya Mfalme Leopold, kati ya 1885 na 1908, wanakijiji walilazimishwa kuleta mpira wa mwituni kwa kipimo kilichowekwa, na askari wa serikali hiyo waliwakata watu mikono. Picha zilizopigwa huko na Alice Seeley Harris mnamo 1904 ziliionyesha dunia ukatili huo. Kitu ambacho leo hununuliwa ili kuuhifadhi mkono kiliwahi kutafutwa kwa kukata mikono. Mwalimu anayewafundisha vijana historia ya Afrika asiliache jambo hili lipite.

Glavu ya mpira iliyo nyembamba, yenye kumwezesha mtu kufanya kazi ya vidole, haikuanzia shambani. Katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, kati ya 1889 na 1890, muuguzi Caroline Hampton alikuwa akiumia mikono kwa dawa kali ya zebaki iliyotumiwa kuua vijidudu. Daktari wa upasuaji William Halsted akaiomba kampuni moja ya mpira imtengenezee glavu nyembamba za kumkinga muuguzi huyo, ambaye baadaye alimwoa. Glavu za upasuaji ambazo leo tunazifahamu kama kinga ya mgonjwa zilianza kama kinga ya mikono ya mfanyakazi dhidi ya sumu inayoguswa kila siku. Hali yake haikuwa mbali sana na ya mtu aliyeinama katika shamba lenye gugu karoti.

Hatua ya mwisho ni ya nitrili, mpira usiotoka mtini. Wanakemia wa Ujerumani waliutengeneza katika miaka ya 1930, na sifa yake kubwa ni kutoharibiwa upesi na mafuta. Tangu miaka ya 1980, matumizi ya glavu hospitalini yalipoongezeka sana kwa sababu ya UKIMWI, waganga na wauguzi wengi walianza kudhuriwa na mpira wa asili wenyewe. Ngozi zao ziliukataa. Nitrili ikashika nafasi. Leo nchi ya Malaysia, ambayo ilipata utajiri kwa mashamba ya miti ya mpira, ndiyo itengenezayo sehemu kubwa kabisa ya glavu za mpira duniani.

Vitenzi vinne

Sisi walimu wa lugha tunayo njia iliyo rahisi ya kulipanga somo hili, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kutupangia. Hatusemi kwamba kila mmea mbaya "huumiza" basi. Twasema mwiba huchoma, upupu huwasha, utomvu huunguza. Hivyo ni vitenzi vitatu kwa madhara matatu, na kila kimoja chataka glavu yake. Madhara ya nne, yale ya gugu karoti, hayakuwa na kitenzi chake, bali tumeyapatia jina: mzio. Hapo zamani mzio ulikuwa ni chakula au kitu ambacho mtu alikatazwa kwa kuwa kinamdhuru yeye, ingawa wenzake hakiwadhuru. Leo ndilo neno la madaktari kwa hali ya mwili kukataa kitu fulani, na ni vigumu kupata neno lifaalo zaidi.

Kwa kitenzi cha kwanza, kuchoma, kinga ni ngozi. Kwa lantana na michongoma, glavu ya kitambaa haina maana yoyote, na ya mpira mwembamba hutoboka katika saa ya kwanza. Ngozi ya mbuzi ni laini na imara, nayo huviachia vidole uhuru wa kushika. Ngozi ya ng'ombe ni nene zaidi, lakini mnunuzi aangalie kama ni ngozi ya juu, iliyo nyororo, au ni ile ya ndani iliyopasuliwa, yenye manyoyanyoya pande zote mbili. Hii ya pili ni rahisi kwa bei, lakini hunywa maji upesi na kukauka kama ubao. Jambo la kupita yote ni urefu: glavu inayokomea kwenye kifundo cha mkono humwachia lantana sehemu yote ya chini ya kiwiko.

Kwa kitenzi cha pili, kuwasha, tatizo ni vinyweleo. Maganda ya upupu yamefunikwa na vinyweleo vyepesi ambavyo hukatika na kuingia ngozini. Glavu za kufuma, zile za nyuzi zenye matundu, ndizo mbaya kabisa hapa, kwa kuwa hunasa vinyweleo na kuvihifadhi. Mtu huvivaa tena kesho yake na kuwashwa pasipo kuuona mmea wowote. Yafaa glavu iliyo laini kwa nje na isiyo na matundu, iwe ya mpira au ya ngozi iliyobana, tena ioshwe kabla ya kuvuliwa.

Kwa kitenzi cha tatu, kuunguza, adui ni utomvu. Mnyaa, ambao wengi hupanda kuwa ua la boma, na mtongotongo, ule wenye matawi kama kinara cha taa, yote hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo huunguza ngozi na, ukiingia jichoni, waweza kumpofusha mtu kwa muda au kumwachia kovu la kudumu. Pwani wanaobangua korosho kwa mikono wanaijua habari hii: mafuta ya ganda la korosho huchubua vidole, na mababu walijipaka majivu au mafuta ili kupunguza ukali wake. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na ule mtambaazi wenye sumu ambao watu wa Marekani huuogopa sana katika bustani zao. Kwa hiyo maarifa ya mbanguaji wa Mtwara na ya mkulima wa Amerika yanakutana. Kwa utomvu, ngozi na pamba ni maadui waliojifanya marafiki. Hunywa utomvu na kuugandamiza kwenye kiganja saa zote za kazi. Hapa hapana budi kutumia mpira, na ulio bora ni nitrili iliyo nene.

Yafaa jambo hili lisemwe wazi katika nchi yetu. Mashariki ya Uganda ilikuwa nchi ya pamba tangu zao hilo lilipoingizwa Uganda mwaka 1903, na Jinja ilipata kiwanda chake kikubwa cha nguo katika miaka ya 1950. Tumezoea kuitegemea pamba kwa mavazi yote. Lakini glavu ya pamba tupu, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, haikutengenezwa kwa ajili ya sumu. Humkinga mtu na malengelenge ya mpini wa jembe, na hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa jambo la nne, mzio, kanuni ni kali zaidi. Mwenye kung'oa gugu karoti asiruhusu hata jani moja limguse. Avae glavu ya nitrili yenye mkono mrefu, na shati la mikono mirefu ambalo ncha zake zimeingizwa ndani ya glavu au zimefungwa juu yake. Ang'oe baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kabla maua hayajatoka. Mwenye pumu asiitwe kabisa katika kazi hiyo. Na yule ambaye ngozi yake imekwisha kuukataa mmea asifikiri kwamba glavu itamrudisha shambani, amwachie mwingine.

Mahali penye lantana na gugu karoti pamoja, kama palivyo kandokando ya barabara nyingi, mtu hukabiliwa na kuchoma na mzio kwa wakati mmoja. Njia iliyo salama ni kuvaa nitrili ndani na ngozi juu, kisha ile ya ngozi itengwe kwa kazi hiyo peke yake. Kwa maana ngozi ikisharowa sumu haioshiki ikatakata. Mwenye kuitumia kesho kwa kubeba kuni huibeba na sumu.

Kudumu kwa glavu

Wanunuzi wengi hudhani kuwa glavu idumuyo ni ile iliyo nene. Unene ni sehemu tu ya jambo. Glavu kubwa kuliko mkono hukunjamana kiganjani, hujisugua na kupasuka pale pale kwenye kunjo. Tena mkono uliolegea ndani yake hukosa nguvu, na mfanyakazi huishia kuivua. Ndogo kuliko mkono hupasuka kati ya vidole. Mnunuzi apime mzingo wa kiganja chake chini ya vifundo vya vidole, bila kukihesabu kidole gumba, kisha aijaribu dukani kwa kukunja ngumi na kuokota kitu kidogo kama sarafu.

Katika glavu ya ngozi atazame mishono. Mshono ulio ndani hudumu kuliko ulio nje, kwa kuwa hauguswi na miiba. Na kiraka cha pili kiganjani, mahali mpini unapokaa, huongeza umri wa glavu sana. Katika glavu ya mpira atazame kama ndani mna kitambaa chembamba cha kunyonya jasho. Katika jua la Busoga mkono usiopumua hulowa, na ngozi iliyolowa hupitisha sumu kwa wepesi zaidi.

Baada ya kununua, maisha ya glavu yamo katika matunzo. Ya mpira ijazwe maji kabla ya kazi. Ikitiririsha hata tone moja, imekwisha. Baada ya kazi ioshwe kwa sabuni ingali mkononi, ivuliwe kwa kupinduliwa nje ndani bila vidole vitupu kugusa upande mchafu, kisha ianikwe kivulini. Jua hupasua mpira upesi kuliko kazi yenyewe. Ya ngozi isikaushwe motoni. Na glavu iliyotumika kupulizia dawa za kahawa au mboga isiingie katika kazi nyingine yoyote.

Habari za shuleni

Nimeyaeleza haya mbele ya walimu kwa sababu moja. Katika nchi yetu wanaong'oa mimea hii si hasa wanaume wenye panga. Aghalabu ni akina mama, ambao palizi imeachwa mikononi mwao, na ni wanafunzi wetu. Kusafisha kiwanja cha shule ni sehemu ya malezi, wala sisemi kwamba iachwe; mtoto ajifunze kazi. Lakini kung'oa majani kumekuwa pia adhabu ya kawaida kwa aliyechelewa au aliyepiga kelele, na adhabu haichagui mmea. Mtoto anayetumwa kandokando ya barabara kung'oa gugu karoti kwa mikono mitupu hapewi adhabu ya saa moja. Huenda amepewa ugonjwa wa ngozi utakaomfuata hadi uzeeni, na yule aliyemtuma hatakuwapo kuuona.

Kabla ya kuwatuma wanafunzi, mwalimu na autembelee uwanja mwenyewe na kuutambua kila mmea kwa jina: kwa Kiswahili, kwa Lumasaaba, kwa Lusoga au kwa Luganda. Hilo ni somo jema la msamiati, nalo halitaki fedha. Watoto waulize nyumbani majina ya mimea ichomayo, iwashayo na iunguzayo, wayaandike kwa safu tatu, na safu ya nne waiachie yale magugu mageni ambayo wazee hawana jina lake. Kukosekana kwa jina la kale ni dalili ya kihistoria yenye kutosha kumfanya mtu ajihadhari.

Kisha lije suala la fedha. Hakuna shule ya kawaida itakayowanunulia wanafunzi wote glavu za nitrili. Lakini shule isiyoweza kununua jozi arobaini yaweza kununua jozi nne zenye vipimo mbalimbali, ikazitunza stoo pamoja na majembe na kuziandika katika daftari la mali. Watu wanne waliovaa, walio wakubwa na wenye afya, wang'oe gugu lenye sumu; waliobaki wafyeke nyasi, wapande miti au wachote maji, mbali na upande wa upepo. Gugu karoti likiwa limezidi nguvu za watu wanne, hiyo si kazi ya watoto tena, na mwalimu mkuu awaite wazazi na afisa wa kilimo.

Tahadhari kabla ya hatari, tunawaandikisha watoto insha juu ya methali hiyo kila mwaka. Yatupasa nasi tuitangulie katika kiwanja cha shule, ambako mikono yao inafanya kazi kwa amri yetu.